Mtoto Mwenye Usonji Si Adui wa Kambi

Miongoni mwa mambo ambayo hayatajwi katika gwaride wala kuandikwa katika taarifa za kila siku, liko moja ambalo kila mkuu wa kambi analijua na kila jirani amelisikia kupitia ukuta wa mabati. Ni habari ya mtoto asiyesema, au asemaye maneno machache yasiyoeleweka, ambaye siku nyingine huinuka ghafla akampiga mama yake, akamng'ata mdogo wake, akavunja vyombo, au akakigonga kichwa chake mwenyewe ukutani hadi damu ikatoka. Majirani husema ana mapepo. Wengine husema amedekezwa. Wengine humwuliza baba yake, ambaye ni askari, inakuwaje yeye anayeamrisha watu wazima ashindwe kumwamrisha mtoto wa miaka kumi.

Ukurasa huu husomwa na askari wa jeshi na wa polisi wa West Nile, tangu Aroi na Arua mjini hadi Koboko, na tangu kambi ya Bondo hadi vituo vya mpakani vya Vurra na Oraba. Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa sababu linawahusu wasomaji wetu mara mbili. Kwanza linawahusu wakiwa wazazi, maana watoto wa namna hii huzaliwa katika nyumba za askari kama wanavyozaliwa katika nyumba za wakulima na za mawaziri. Pili linawahusu wakiwa watumishi wa dola, kwani kijana huyo akizua fujo sokoni au katika kituo cha mabasi, anayeitwa mara nyingi si daktari. Anayeitwa ni polisi, na mahali ambapo polisi hawapo huitwa askari wa doria. Mtu mwenye silaha hufika mbele ya mtoto asiyeelewa amri, na kosa la dakika moja huweza kuwa msiba wa maisha.

Hali yenyewe

Hali tunayoisema inaitwa usonji. Mnamo mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliofanana kwa jambo moja: walikuwa kana kwamba wanaishi peke yao hata walipokuwa katikati ya watu. Mwaka uliofuata, 1944, daktari Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya watoto wengine waliokaribiana nao. Tangu hapo elimu imesonga mbele, na sasa inafahamika kwamba usonji ni hali ya ubongo inayoanza mapema sana katika ukuaji wa mtoto. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo. Makala iliyozusha dhana hiyo Uingereza mwaka 1998 ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010.

Dalili zake hutofautiana toka mtoto hadi mtoto. Wako wasiosema kabisa, na wako wanaosema sana lakini hawajui zamu ya kusema na zamu ya kusikiliza. Wengi huepuka kutazamana macho kwa macho. Wengi hurudia jambo moja tena na tena, kama vile kupunga mikono, kupanga vifuniko vya chupa katika mstari, au kupita njia ile ile kila siku. Wengi huumizwa na sauti, mwanga, harufu au mguso ambao mtu mwingine hausikii hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, kambi yenye watoto 500 huenda ikawa na watoto wanne hivi wa namna hiyo, ijapokuwa mkuu wa kambi hajaambiwa hata mmoja.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Yafaa wakumbuke kwamba mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika miji ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, naye aliwakuta watoto hao humo. Nchini kwetu madaktari wa Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere, akiwamo Daktari Angelina Kakooza-Mwesige, wamewachunguza na kuwaandika. Watoto hao wapo siku zote. Kilichokosekana ni jina la hali yao katika lugha tunazozitumia nyumbani, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Hali isiyo na jina hupewa jina la uchawi au la utovu wa adabu.

Wako pia wanaomlaumu mama. Kosa hilo si letu peke yetu. Kwa miaka mingi wataalamu wakubwa wa Marekani walifundisha kwamba usonji unaletwa na ubaridi wa mama kwa mwanawe, na Bruno Bettelheim aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mtu aliyelivunja fundisho hilo alikuwa karibu na wanajeshi. Jina lake Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa akilitumikia Jeshi la Majini la Marekani, na ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Yeye alikusanya maandishi yote aliyoweza kuyapata, akayapima kwa makini, na katika kitabu chake cha mwaka 1964 akaonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo, wala si katika mapenzi ya mama. Mwaka uliofuata alishirikiana na wazazi wenzake kuanzisha chama chao cha taifa. Tunalitaja jambo hili ili kila askari mwenye mtoto kama huyo ajue kwamba hana sababu ya kumfukuza mke wake, wala ya kuficha uso wake mbele ya wenzake.

Ghasia hutoka wapi?

Sasa tuje kwenye ghasia zenyewe, maana ndizo zinazoleta hofu. Si kila mtoto mwenye usonji hupiga watu, na wako wengi walio wapole kupita ndugu zao. Hata hivyo hatutausaidia umma kwa kuficha ukweli. Uchunguzi wa Stephen Kanne na Micah Mazurek, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusu watoto na vijana 1,380 wenye usonji wa umri wa miaka 4 hadi 17 huko Amerika ya Kaskazini. Wazazi 68 katika kila 100 walisema kwamba mtoto wao aliwahi kuwashambulia walezi wake, na 49 katika kila 100 walisema kwamba aliwahi kuwashambulia watu wengine. Mama wa Koboko anayeficha alama za meno mkononi mwake, kwa hiyo, si peke yake duniani.

Kila afisa aliyepita shule ya kadeti hufunzwa kuichunguza ardhi kabla ya kukisogeza kikosi. Huuliza: ni nini kilichotokea kabla? Ni nini kilichotokea chenyewe? Na baada yake kukatokea nini? Wataalamu wa tabia za watoto nao huuliza maswali hayo hayo matatu. Mzazi akiyaandika majibu yake katika daftari kwa majuma mawili, akataja saa, mahali na watu waliokuwapo, mara nyingi ataona kwamba ghasia alizodhani kuwa za ghafla zina njia yake na wakati wake.

Chanzo cha kwanza ni kukosa maneno. Mtoto anayeweza kusema "nataka maji" huomba maji. Asiyeweza kusema hulia, na kilio kisipojibiwa huvuta nguo, na mvuto usipojibiwa huuma. Kama meno ndiyo yaliyoleta kikombe cha maji jana, kesho ataanza na meno. Hakuna ukatili katika hesabu hiyo. Ni hesabu ya kiumbe aliyeona njia moja tu ikifanya kazi.

Chanzo cha pili ni maumivu. Jino bovu, sikio linalouma, tumbo lililofunga choo kwa siku nne, homa ya malaria inayopasua kichwa: haya yote humpata mtoto asiyeweza kuonyesha panapomwuma. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa mtulivu akibadilika ndani ya siku chache akawa mkali, jambo la kwanza ni kumpeleka kwa mganga achunguzwe mwili, kabla ya mtu yeyote kutaja tabia. Hapo pia kifafa kisisahauliwe, kwani huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na mkoa wetu una historia ndefu ya kifafa katika vijiji vya kandokando ya mito yenye usubi.

Chanzo cha tatu ni kulemewa. Sauti ya mashine ya kusaga, honi za bodaboda, redio tatu zilizofunguliwa kwa pamoja na umati wa watu huweza kumwingia mtoto huyu kama mvua ya mawe. Chanzo cha nne ni mabadiliko yasiyotangazwa, kama vile njia mpya, chakula kipya, mgeni aliyelala mahali pake, au baba aliyeondoka usiku bila kuaga. Na chanzo cha tano ni umri. Mtoto wa miaka sita akipiga, mama humshika mikono yote miwili. Akifika miaka kumi na minne, mwili ukaanza kubaleghe, nguvu zake huwa za mwanamume na uelewa wake wa mwili huo ukawa bado mdogo. Ndipo familia nyingi hushindwa, na ndipo polisi huitwa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walionyesha jambo ambalo kila kambi ingepaswa kulijua. Walichunguza kwanza mtoto anapata nini kwa ghasia zake, kisha wakamfundisha neno fupi la kuomba kitu hicho hicho: kuomba msaada pale kazi ilipokuwa ngumu, au kuomba aangaliwe pale alipoachwa. Ghasia zilipungua. Asiyeweza kusema neno huweza kufundishwa ishara ya mkono au kuonyesha picha. Picha ya kikombe, picha ya choo, picha ya mkeka wa kupumzikia, zilizochorwa juu ya vipande vya boksi, hazihitaji fungu la fedha kutoka Kampala. Zinahitaji mtu mwenye subira wa kuzitumia kila siku bila kubadilisha.

Kiboko hakifundishi

Katika kambi zetu iko imani kwamba hakuna mtoto asiyenyooshwa na fimbo. Wanaoiamini huleta methali kuwa mashahidi. Husema samaki mkunje angali mbichi. Husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizi zina hekima yake, nasi hatuzidharau. Lakini zinamsema mtoto anayejua alichokatazwa, akakifanya kwa ukaidi. Adhabu humfunza yule tu anayeweza kuunganisha kosa na maumivu yaliyofuata. Mtoto mwenye usonji aliyepigwa kwa sababu alipiga kelele alipolemewa na kelele hapati somo lolote isipokuwa moja: kwamba mkubwa akitaka jambo, hupiga. Somo hilo atalishika vizuri, na siku atakapokuwa na miaka kumi na mitano atalitumia.

Licha ya hayo, sheria imekwisha sema. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 24, inakataza mateso na vitendo vya kikatili au vya kumvunjia mtu heshima. Kifungu cha 35 kinatamka kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Uganda iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Askari aliyeapa kuilinda Katiba hawezi kuiacha nje ya mlango wake anapoingia nyumbani jioni.

Liko pia jambo la kufunga kamba. Hapa hapana budi tuseme kwa upole, kwa kuwa wengi wanaofanya hivyo hawafanyi kwa chuki. Mnamo mwaka 2012 ulimwengu ulionyeshwa picha za watoto wa Kitgum na Pader waliopatwa na maradhi ya kutikisa kichwa, nao wamefungwa kamba na wazazi wao. Maradhi hayo ni mengine, wala si usonji. Lakini sababu ya kamba ilikuwa ile ile inayosikika hapa: mama ana shamba la kulima na watoto wengine wa kulisha, na akimwacha huyu bila kamba ataangukia motoni au atapotea porini. Mama wa namna hiyo hastahili pingu. Anastahili mtu wa kumpokea mtoto kwa saa nne. Pamoja na hayo, kamba huvunja ngozi, hudhoofisha miguu, na humzidishia mtoto hofu ambayo ndiyo mama wa ghasia. Jirani anayeiona asipite akinung'unika. Aingie aulize atasaidia saa ngapi.

Maisha ya kambi na ya laini

Ni kweli kwamba maisha ya kiaskari yana mambo yanayomwumiza mtoto wa namna hii kuliko wengine. Tarumbeta hulia kabla ya jua. Nyumba zimebanana, na kishindo cha jirani ni kishindo cha wote. Uhamisho huja kwa karatasi moja, na mtoto aliyezoea njia ya Arua hujikuta Moroto au Mbarara pasipo kuambiwa. Tena liko jambo la safari ndefu. Tangu Machi 2007, jeshi letu lilipoingia Somalia, maelfu ya baba wamekuwa mbali na nyumba zao kwa miezi mingi mfululizo. Mke hubaki peke yake na kijana anayemzidi nguvu, naye huogopa kusema, asije akaambiwa kwamba anamvunja moyo mumewe aliye vitani.

Hata hivyo, maisha hayo hayo yana jambo moja ambalo mtoto mwenye usonji hulipenda kuliko watoto wote, nalo ni ratiba. Kambi ndiyo mahali ambapo kila kitu kina saa yake. Mzazi mwenye akili ataitumia neema hiyo. Mtoto aamke saa ile ile, ale saa ile ile, aoge mahali pale pale. Na palipo na badiliko, aonyeshwe mapema kwa picha au kwa kupelekwa kupaona. Kabla ya baba kusafiri, apige picha akiwa na sare na begi lake, na mama awe akiionyesha kila jioni. Siku ya mazoezi ya kulenga shabaha, au ya sherehe yenye mizinga, mtoto apelekwe mbali kabla ya mlio wa kwanza.

Ghasia zinapokwisha anza, huo si wakati wa mafunzo. Watoto wengine watolewe chumbani kwanza. Visu, mawe na vyungu vya moto viondolewe. Mtu mmoja tu aseme, kwa sauti ya chini na maneno machache. Asimshike mtoto isipokuwa maisha yamo hatarini. Angoje. Mtoto akisha tulia apewe maji na mahali penye kivuli, na maswali yaachwe hadi baadaye. Silaha na risasi zisikae kamwe katika nyumba yenye mtoto wa namna hii, wala katika nyumba yoyote yenye mtoto. Hilo ni agizo la zamani la kiaskari na hapa lina uzito mara mbili.

Kuhusu dawa, yafaa ieleweke kwamba hakuna kidonge kinachoondoa usonji. Ziko dawa za kupunguza ghasia zilizo kali mno. Marekani iliidhinisha risperidoni kwa kazi hiyo mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009. Zinaweza kuleta usingizi na unene mkubwa, na kwa hiyo hutolewa na daktari anayemfuatilia mtoto, wala hazinunuliwi dukani kwa kumwiga jirani. Njia ya kwanza kwa watu wa mkoa huu ni kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, na ikilazimu Mulago au Butabika. Anayekwenda kwa mganga wa kienyeji na akaenda pia hospitali hatutamcheka. Tutamwomba tu asimwachishe mtoto dawa za kifafa kwa neno la mtu asiyezijua.

Polisi wanapoitwa

Tumesema kwamba kosa la dakika moja huweza kuwa msiba. Mfano upo katika nchi zenye polisi wenye vifaa vingi kuliko sisi. Mnamo Januari 2020, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, kijana wa miaka 16 mwenye usonji alizua fujo katika uwanja wa magari wa duka kubwa, na wazazi wake walikuwapo. Askari walimlaza kifudifudi na kumkalia kwa takriban dakika tisa. Alifariki. Mnamo Septemba mwaka ule ule, katika mji wa Salt Lake City, mama mmoja aliwapigia polisi simu akiomba msaada wa kumfikisha mwanawe hospitali. Mtoto huyo alikuwa na miaka 13, naye ana usonji. Alikimbia, na askari mmoja akampiga risasi kadha wa kadha. Hakuwa na silaha. Aliponea chupuchupu.

Askari hao walifanya walivyozoea kumfanyia mhalifu: walitoa amri, amri haikutiiwa, wakaongeza nguvu. Lakini mtu mwenye usonji anaposhindwa kutii amri hajakaidi. Huenda hakuielewa, huenda aliielewa akahitaji nukta kumi za kuitafakari, huenda king'ora kimemfunga masikio. Asipokutazama machoni, hiyo si dalili ya hatia. Akikimbia, huenda anakimbia kelele. Akirudia maneno yako mwenyewe, hakudhihaki.

Kwa hiyo basi, askari anayeitwa penye kijana wa namna hiyo na azingatie mambo haya. Azime king'ora na taa. Amwulize mlezi: mtoto anaogopa nini, na humtuliza nini? Autawanye umati kabla ya kumsogelea kijana, maana katika masoko yetu umati wenye mawe ni hatari kwake kuliko yeye kwa umati. Asimame mbali kidogo, mikono yake ionekane. Atoe neno moja kwa wakati mmoja, kisha anyamaze. Asimguse kwa nyuma. Kama hapana budi kumzuia, asimlaze kifudifudi, asimkalie mgongoni wala kumbana shingo, kwa maana pumzi hukatika upesi. Na baada ya hapo ampeleke kwa mlezi au hospitali, wala si mahabusu. Sheria yetu ya Watoto haimhesabii mtoto aliye chini ya miaka 12 kosa la jinai. Na kwa aliyezidi umri huo, Kitengo cha Polisi cha Kulinda Watoto na Familia kiitwe mara moja.

Tuongeze neno juu ya wakimbizi. Mkoa wetu umewapokea ndugu wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, waliopo Rhino Camp, Imvepi, Lobule na Bidi Bidi iliyofunguliwa mwaka 2016. Mtoto aliyeona vita huweza naye kuwa mkali, na hali yake isichanganywe na usonji. Kila mmoja ana matibabu yake. Lakini kwa askari aliye kizuizini barabarani, kanuni ni moja kwa wote wawili: punguza sauti, ongeza nafasi, mtafute mlezi.

Wajibu wa wakubwa

Hatuwezi kumtupia mzigo huu askari wa cheo cha chini peke yake. Tunawaomba wakuu wa vikosi na wa vituo wafikirie mambo manne. La kwanza, somo hili litiwe katika mafunzo ya polisi na ya jeshi, walau kwa saa mbili, na wazazi wenyewe waitwe kulisema. La pili, afisa wa utawala ajue ni familia zipi zina mtoto wa namna hii, ili uhamisho wao utangazwe mapema na, inapowezekana, wapelekwe karibu na hospitali kubwa. La tatu, familia hizo zipewe nyumba za mwisho wa mstari, mbali na uwanja wa gwaride na mashine ya kusaga. Jambo hilo halina gharama isipokuwa kalamu ya mgawaji nyumba. La nne, wake wa askari wenye vyama vyao wapange zamu ya kumpokea mtoto huyo saa chache kwa juma, kwa sababu mama aliyelala vizuri hutambua dalili za ghasia mapema kuliko mama aliyechoka.

Wako watakaosema kwamba jeshi lina kazi kubwa kuliko hii. Tunawajibu kwamba askari ambaye mawazo yake yako nyumbani, akihofia kwamba mwanawe amemjeruhi mkewe au amefungwa kamba, hana macho mawili langoni. Mkuu anayetaka lindo lake liwe imara hana budi kuijua nyumba ya mlinzi.

Umoja wa Mataifa uliamua mwezi Desemba 2007 kwamba tarehe 2 Aprili ya kila mwaka iwe siku ya kuufahamisha ulimwengu juu ya usonji, na tangu 2008 imekuwa ikiadhimishwa. Hatudai maandamano wala fulana. Tunadai kwamba katika siku hiyo, na siku zote, askari aliye na mtoto wa namna hii aweze kusimama mbele ya mkuu wake akasema, "Afande, mwanangu ana usonji, naomba ruhusa nimpeleke hospitali," na asichekwe. Tunadai kwamba jirani anayesikia kishindo ukutani abishe hodi kwa kusaidia. Na tunadai kwamba polisi atakapofika penye umati uliomzunguka kijana anayepiga kelele, awe ndiye mtu wa kwanza mahali pale aliyetulia.

Nguvu tumepewa na wananchi ili wanyonge walindwe. Hapana mnyonge kuliko mtoto asiyeweza kusema anapoumia, hata kama mkono wake ni mzito.